Uzi: Kreatinini ya mume wangu ilikuwa "sawa" miaka mitatu huku uzito unaziumiza figo. Tujadili uzito na figo

#1 MamaNafaka

Wadau, hamjambo. Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauweka kwa sababu jirani yangu wa ghorofa ya pili hapa Umoja, Nairobi, ameanza kusafishwa damu. Ana miaka 44, na alikuwa ameambiwa maneno yale yale aliyoambiwa mume wangu: figo ziko sawa, punguza chapati tu.

Nina duka la nafaka. Kutwa kazi yangu ni mizani, gorogoro na chekeche. Mume wangu ni dereva wa matatu. Anatoka nyumbani saa kumi alfajiri, anarudi saa tatu usiku, na muda wote huo amekaa. Chakula ni cha steji: chai na mandazi matatu, mchana chipsi au chapati madondo, soda mbili, jioni mutura akisubiri gari lijae. Urefu wake ni mita 1.75. Tulipooana alikuwa na kilo 74. Mwaka 2023 alifika kilo 118. Hiyo ni BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 38.5, na unene wa kuhesabiwa ugonjwa unaanzia 30.

Presha aligunduliwa nayo 2021. Kila baada ya miezi sita alipimwa damu katika kliniki moja huku Eastlands, jina naliacha. Karatasi ilikuwa inarudi vile vile: kreatinini (taka ambayo figo huiondoa kwenye damu) 98, chini yake eGFR (makadirio ya uchujaji wa figo) 83, na kando pameandikwa kwamba ni kawaida. Tunakunja karatasi, tunarudi nyumbani na amani.

Aprili 2024 niliingia chooni baada yake nikakuta povu. Silizungumzii lile la mtu aliyekojoa kwa nguvu, linalopasuka kabla hujahesabu hadi ishirini. Hili lilikuwa jeupe, la vitone vidogo vidogo, kama mayai uliyoyapiga kwa uma. Nilimwaga maji, likazunguka, likabaki limeganda pembeni mwa sinki. Nikamwita. Akaniambia analiona karibu miaka miwili, alidhani ni dawa ninayosafishia choo.

Tulikwenda kwingine. Afisa wa kliniki, msichana mdogo tu, hakugusa hata ile karatasi ya damu kwanza. Alimpa kikopo. Jibu lilirudi: miligramu 640 za albumini, yaani protini ya damu, kwa kila gramu ya kreatinini kwenye mkojo. Akatueleza kwamba chini ya 30 ndiyo kawaida, na ukivuka 300 figo inavuja sana.

Swali nililomuuliza siku ile ndilo naleta hapa. Damu inasema figo ziko sawa, mkojo unasema zinaumia, na mtu ni yule yule siku ile ile. Inakuwaje? Jibu lilikuwa ndani ya zile kilo 118, na kwa miaka mitatu hakuna aliyetuambia.

#2 Kijana wa Githurai

Pole sana mama. Umenitia hofu kwa kweli. Mimi nina kilo 101 na asubuhi huwa naona povu pia. Kwani kila povu ni figo?

#3 Sista wa Figo

Mama Nafaka, pole, na asante kwa kuandika. Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja sasa katika kitengo cha kusafisha damu hapa Nairobi. Kijana, la, si kila povu. Mkojo wa asubuhi ni mzito na unatoka kwa kasi, unaweza kufanya povu likapotea. Povu linalokaa, linalorudi kila siku, hilo lipimwe. Na usingoje povu, maana albumini ikiwa bado kidogo hakuna povu lolote. Kikopo ndicho kinachojua.

Sasa swali la mama. Umetaja chekeche, nami nitalitumia. Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Wapo wenye laki chache tu, wapo wenye kufika milioni mbili. Idadi hiyo unazaliwa nayo. Hakuna kinachoota baada ya hapo. Mwili ukitoka kilo 74 ukafika 118, vichujio ni vile vile, ila vimepewa mwili mkubwa kuuhudumia.

Vinafanyaje? Mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio unapanuka, damu inaingia nyingi, shinikizo ndani yake linapanda, kichujio kinavimba. Kwa nje kimeshikwa na seli zenye matawi kama vidole vya mtu aliyekumbatia mtungi. Seli hizo zikishakomaa hazizaliani tena. Mtungi unaendelea kuvimba, vidole havirefuki vya kutosha, vinaachana, na pale vilipoachana ndipo albumini inapopita kwenda kwenye mkojo. Pakikaa hivyo muda mrefu panakuwa kovu. Kichujio chenye kovu kinakufa, na kazi yake wanagawana waliobaki, ambao nao walikuwa tayari wamelemewa.

Kwa hiyo katika miaka ile ya mwanzo figo ya mtu mnene inachuja zaidi ya kawaida. Damu inaonekana safi kwa sababu figo inajiua kwa kuisafisha. Nimeona watu wengi mno wakifika kwangu na bahasha ya majibu mazuri ya damu.

#4 MamaNafaka

Sista, nimesoma hiyo nikakaa chini. Ni chekeche langu kabisa. Ukimwaga gunia zima la maharagwe kwa pupa, linachekecha haraka na kazi inaonekana imekwenda. Lakini waya unalegea katikati, matundu yanapanuka, na mwezi ujao mteja anarudi na jiwe mkononi.

Niulize jambo. Hiyo eGFR 83 si ndiyo kipimo cha uchujaji chenyewe? Mbona haikuonyesha kwamba zinafanya kazi kupita kiasi?

#5 Sista wa Figo

Hapo ndipo wengi tunapopotea, hata sisi wa hospitalini.

Ile 83 haikupimwa, imekokotolewa. Mashine ya maabara inachukua kreatinini, umri na jinsia, inatoa makadirio. Fomula inayotumika sana sasa ni ya 2021. Angalia kipimo kilichoandikwa mbele ya namba: mililita kwa dakika kwa mita za mraba 1.73. Hizo 1.73 ni eneo la ngozi la mtu wa wastani kama lilivyowekwa na watafiti wa Marekani miaka ya 1920. Yaani namba inakuja ikiwa imeshafinywa ili kila mtu alinganishwe kama ana mwili wa saizi ile.

Mume wako kwa kilo 118 na mita 1.75 ana eneo la karibu 2.4. Chukua kalamu: 83 mara 2.4, gawanya kwa 1.73. Unapata 115. Figo zake zilikuwa zinachuja mililita 115 kila dakika, tena zikiwa zimeshaanza kupoteza vichujio. Kwenye karatasi anaonekana kama mtu wa kawaida aliyeshuka kidogo kwa umri.

Kusawazisha si kosa, kunasaidia kujua hatua ya ugonjwa. Kosa ni kuisoma namba hiyo peke yake. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa ugonjwa wa figo unataka vyote viwili, eGFR na albumini ya mkojo. Tena unaweza kuwa na eGFR ya 90 na zaidi ukahesabiwa kuwa mgonjwa wa figo, ikiwa albumini imevuka 30 kwa miezi mitatu.

#6 Mzee Kahawa

Ndugu zangu, nisome kwa upole, sina nia ya kubishana. Mimi ni mtu wa miaka 63, kilo 112, wa Ruiru. Marehemu baba alikuwa mkubwa kuliko mimi akafikisha miaka 84 na hakuwahi kulazwa. Na shemeji yangu mwembamba kama mwanzi alifariki kwa figo. Tusiwatie watu hofu kwa ajili ya maumbile yao. Kwetu mtu akikonda ndipo tunauliza kama ni mgonjwa.

#7 Mfamasia wa Mtaa

Mzee wangu, shikamoo. Ulichosema ni kweli na lazima kisemwe. Wanene wengi hawatafika kwenye mashine ya kusafisha damu kamwe, na wembamba wanaugua figo kwa presha, kisukari, maambukizi na mengine mengi.

Lakini tazama namba hizi. Kuna utafiti wa California uliochapishwa 2006, uliofuatilia watu 320,252 kwa miaka mingi. Wenye BMI kati ya 30 na 34.9 walifikia kufa kabisa kwa figo karibu mara tatu na nusu ya wenye uzito wa kawaida. Wenye 40 na zaidi ilikuwa mara saba. Walipoondoa mchango wa presha na kisukari kwenye hesabu, uzito bado ulibaki na lawama yake. Kwa idadi ya watu, mara saba ya kitu kidogo bado ni wachache. Ila kwa familia ambayo mtu wao yumo katika hao wachache, ndiyo dunia nzima.

Kwa nini baba yako alipona? Siwezi kumjua, Mungu amrehemu. Lakini sista ametaja idadi ya vichujio. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo au kabla ya wakati huwa na vichujio vichache. Akija kunenepa ukubwani anakuwa na mzigo mkubwa na wabebaji wachache. Aliyezaliwa navyo vingi anastahimili. Kwa hiyo mzee, mbali na kilo 112, mtu angetaka kujua ulizaliwaje, presha yako ikoje, na kiuno chako. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wako, mafuta mengi yako ndani ya tumbo. Hayo ya ndani ndiyo yanayozibana figo na kuuchochea mwili ushike chumvi, na presha inapanda.

#8 Mzee Kahawa

Marahaba mwanangu. Nimejipima kwa kamba ya mke wangu ya ushonaji. Urefu sentimita 170, kiuno 116. Nitapeleka huo mkojo.

#9 Chuma wa Kasarani

Niongeze upande mwingine, kwa sababu nami nililia chooni nikidhani nakufa.

Nina miaka 29, kilo 96, lakini ni misuli, nanyanyua vyuma tangu chuo. Mwaka jana nilipimwa kwa ajili ya kazi: kreatinini 139, eGFR 61. Aliyenipa majibu aliniambia figo zimeanza kwenda na nijiandae. Mama yangu alifunga siku tatu akiomba.

Rafiki wa rafiki akanipeleka kwa daktari wa figo. Aliuliza mambo mawili tu: unakula nini, unatumia poda gani. Nilikuwa natumia kreatini, ile poda ya mazoezi, na usiku wa kuamkia kipimo nilikula nyama choma Kenyatta Market hadi nikashindwa kuinuka. Akanieleza kwamba kreatinini ya damu ni mabaki ya misuli. Misuli mingi, mabaki mengi. Poda inaongeza, nyama iliyopikwa inaongeza. Akaniachisha poda wiki kadhaa, akanipima kitu kingine kinaitwa sistatini C, ambacho hakitegemei misuli namna hiyo. Kwa hesabu hiyo eGFR ikatoka 104. Albumini ya mkojo hakuna. Figo nzima.

Kwa hiyo wale wa mazoezi wenzangu, mwambieni daktari mnachotumia kabla ya kutolewa damu.

#10 Binti wa Kariobangi

Kaka Chuma, wewe umeponea upande wa juu, sisi tuliumia upande wa chini.

Mama yangu ana miaka 72 na kilo 41. Amekonda miaka mingi, tulizoea. Kreatinini yake ilikuwa 88. Kwa kijana ni namba nzuri kabisa, na maabara haikuiwekea alama yoyote. Akapewa dawa za maumivu ya mgongo, akatapika wiki mbili, akaanza kusahau majina yetu. Pale alipolazwa ndipo daktari mmoja alishika mkono wake hivi, akaupima kwa vidole viwili kuuzunguka, akasema: mama huyu hana misuli ya kutoa kreatinini ya 88. Walipokokotoa eGFR kwa umri wake ilikuwa 60. Walipoikokotoa kwa sistatini C ilikuwa 38.

Karatasi ile ile inayomtisha mwenye misuli inamficha asiye nayo. Wenye wazazi na shosho waliokonda, tafadhali.

#11 Mfamasia wa Mtaa

Binti, pole, na mpe mama salamu zetu. Hizo dawa za maumivu ni sehemu ya huu uzi na naomba nisipite haraka.

Kila siku dirishani kwangu anafika mtu mzito mwenye magoti mabovu. Goti linauma kwa sababu ya kilo, anataka diklofenaki au ibuprofeni, anataka za wiki mbili, mwezi ujao anarudi. Dawa hizo zinaubana ule mshipa unaopeleka damu kwenye kichujio. Kwa mtu mwenye afya, siku mbili tatu si neno. Kwa mwenye presha, anayemeza losatani, dawa ya presha, pamoja na vidonge vya kupunguza maji, akiongeza diklofenaki kila siku, nimeona figo zikisimama ndani ya wiki. Uzito unaumiza goti, goti linaomba dawa, dawa inakwenda kummaliza aliyekuwa tayari amelemewa. Paracetamol kwa kipimo chake ni salama zaidi kwa figo. Na ukinunua dawa yoyote, taja presha yako kabla hujataja goti.

#12 TaratibuTu

Wapendwa, mimi nina swali la haraka. Nina kilo 97 na nimetangaziwa chai ya kupunguza tumbo, inauzwa mjini na kwenye makundi ya WhatsApp. Ni mitishamba mitupu. Kama uzito unaumiza figo, si nianze na hiyo nizisaidie?

#13 Sista wa Figo

Dada, nakusihi usianze.

Nikupe kisa kilichoandikwa katika vitabu vya udaktari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza uzito walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo, wengi hadi kufikia mashine au kupandikizwa, na miaka ya baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Wengi walikuwa watu wazima wenye afya, walitaka tu kupungua kilo chache.

Pakiti isiyosema kilichomo usiimeze. Na nyingi ya chai hizi zinaharisha tu. Kilo unazoona zimepungua wiki ya kwanza ni maji na chumvi za mwili, na figo iliyokauka maji nayo inaumia.

#14 Jumanne na Ijumaa

Nimewafuata kimya tangu ukurasa ulipofunguliwa. Jina langu ni siku zangu za mashine. Huu ni mwaka wa tano.

Nataka kuwaeleza jinsi kilo zinavyobadilika maana mtu akishafika huku. Kabla ya kuunganishwa napanda mizani. Nikimaliza saa nne za mashine napanda tena. Tofauti ni maji, kwa sababu mimi sikojoi tena, na lita moja ni kilo moja. Kuna namba inaitwa uzito mkavu, yaani uzito wangu nikiwa sina maji ya ziada. Wangu ulikuwa 64.

Mwaka juzi nilikuwa namaliza kila mara kwa 64 kamili. Kila mtu ameridhika. Lakini soksi zinaacha mfereji mguuni, na usiku nalala nimeegemea mito mitatu kwa sababu nikilala chali nazama. Sista mmoja, si huyu wa humu, aliniangalia mabega akaniambia nguo zimekuwa kubwa. Nilikuwa nimepoteza kilo tatu za nyama ya mwili kwa kutokula, na maji yalikuja yakajaza nafasi ile ile. Mizani ilikuwa inasema 64, na 64 hiyo haikuwa mimi. Walinishusha hadi 61 polepole, lita kwa lita. Siku niliyolala chali nilimpigia dada yangu Kakamega nikamwambia tu hilo, kwamba nimelala chali.

Jambo lingine. Kwa sisi wa mashine, tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba walionenepa kiasi wanaishi zaidi ya waliokonda. Kwa hiyo mtu wako akiwa mashineni usimnyime chakula kwa sababu ulisoma kwamba unene ni mbaya kwa figo. Muulize mtaalamu wa lishe. Lakini ukitaka kupandikizwa, kilo zinarudi kuwa kikwazo, kwani vituo vingi hukataa au kuahirisha mtu mwenye BMI iliyozidi 35. Nimeketi na kaka mmoja ambaye ndugu yake yuko tayari kumpa figo, vipimo vimelingana, na wanangoja apungue kilo 14.

#15 MamaNafaka

Kaka Jumanne na Ijumaa, nimesoma ya kulala chali nikamsomea mume wangu kwa sauti. Alinyamaza muda mrefu. Asante.

Wengi mmeniandikia pembeni mkiuliza tulifanya nini. Sitasema ni dawa ya kila mtu, nasema yetu.

Daktari alimwanzishia losatani, baadaye akaongeza dapagliflozini, kidonge kingine cha kulinda figo. Wiki tatu baada ya losatani kreatinini ilipanda kutoka 98 hadi 112. Nilitaka kuitupa. Alinichorea pale mezani: dawa inalegeza mlango wa kutokea wa kichujio, shinikizo ndani linashuka, basi na uchujaji unashuka kidogo mwanzoni. Kushuka huko ndiko kupumzika kwenyewe. Angeshtuka kama ingepanda zaidi ya asilimia 30.

Chakula tulipambana nacho nyumbani. Soda ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenda, na ndiyo iliyouma zaidi kwake, kuliko nyama. Namfungia githeri au ndengu na sukuma kwenye hotpoti, anakula steji ile ile na wenzake wale wale, maana kumtenga na wenzake kungemshinda ndani ya wiki. Chumvi tuliikadiria isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mmoja, ndiyo gramu 5 za Shirika la Afya Duniani. Nilipoanza kusoma pakiti niliona kwamba vile vibonge vya kutia ladha kwenye mchuzi vilikuwa vinamaliza sehemu kubwa ya kijiko kabla sijagusa chumvi yenyewe. Nikarudi kwa dania, kitunguu saumu na ndimu.

Na kutembea. Siku zake za mapumziko tunatoka Mutindwa hadi Donholm na kurudi. Mara ya kwanza alisimama mara sita. Nilibeba kiti kidogo cha plastiki cha dukani, nikawa namwekea. Watu walitutazama. Alikaa, akapumua, akainuka.

Sikutaka apungue kwa kishindo, na daktari hakutaka pia. Alitutajia utafiti wa Hispania wa 2003 ambapo wagonjwa wazito waliopunguza asilimia 4 tu ya uzito walipunguza protini ya mkojo kwa karibu theluthi moja. Kwa kilo 118 hiyo ni chini ya kilo 5. Ile ndiyo namba niliyoibandika ukutani. Kilo 40 zingemvunja moyo, kilo 5 aliziona.

#16 Kijana wa Githurai

Na hizi sindano za kupunguza uzito zinazosemwa kila mahali? Zinafaa figo?

#17 Sista wa Figo

Ipo iliyopimwa vizuri, semaglutidi. Matokeo yalitoka 2024: watu 3,533 wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na ugonjwa wa figo. Waliochomwa dawa hiyo walipata matatizo makubwa ya figo, au vifo vya figo na moyo, pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliochomwa sindano isiyo na dawa. Lakini wote walikuwa na kisukari, na bei yake bado iko mbali na mifuko mingi ya hapa kwetu. Kama daktari ameiandika na una uwezo, ni dawa ya kweli. Ya kununua kwa mtu kwenye simu, isiyo na jokofu wala karatasi, hapana. Na atakayetapika sana mwanzoni anywe maji na arudi hospitalini, figo hazipendi kukauka.

#18 TaratibuTu

Chai nimeirudisha, dada aliyeniuzia amekasirika lakini sawa. Nikifika maabara niombe nini hasa? Naogopa nitaonekana mjuaji.

#19 Sista wa Figo

Sema hivi: "Naomba uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo, pamoja na kreatinini ya damu na eGFR." Mkojo wa kwanza wa asubuhi ni bora. Usiende siku uliyokimbia sana, au una homa, au una hedhi, au mkojo unawasha, maana yote hayo yanaweza kupandisha albumini kwa muda. Ikipanda, rudia kwa muda wa miezi mitatu kabla hujajipa jina la ugonjwa. Pima presha siku hiyo hiyo. Kile kijikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo ni bora kuliko kutopima, ila albumini kidogo kinaikosa.

Na hakuna ujuaji hapo. Mkojo ni wako.

#20 Mzee Kahawa

Nimerudi. Albumini 74, presha 152 kwa 94. Nimeandikiwa dawa na nimeambiwa nirudie baada ya miezi mitatu. Daktari alisema tumeiwahi. Mwanangu mfamasia, na mama mwenye uzi, Mungu awazidishie. Ndugu zangu wawili nimewapeleka leo asubuhi, wote ni wakubwa kama mimi.

#21 MamaNafaka

Mzee, nimefurahi mno kusoma hiyo.

Nasi tulikuwa na kliniki Alhamisi. Miezi kumi na minne tangu kile kikopo cha kwanza. Uzito 103. Presha 128 kwa 80. Kreatinini 110, imetulia hapo. Albumini ilikuwa 640, sasa ni 210. Bado inavuja, na daktari hakutuficha kwamba makovu yaliyokwisha kuwa makovu hayatafutika. Anataka ifike chini ya 100 kama itawezekana, na amemwongezea kipimo cha dawa moja.

Jana alfajiri kabla hajatoka aliniita kutoka chooni. Nikasimama naye pale tukiangalia, watu wazima wawili. Nilianza kuhesabu kwa sauti ya chini. Nilipofika kumi na saba lilikuwa limekwisha. Akavaa koti lake, akachukua hotpoti mezani, akaenda kazini.

Jirani yangu wa ghorofa ya pili anasafishwa Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu hii namsindikiza mimi, mkewe ana zamu. Nitamuuliza kuhusu uzito wake mkavu.